Sentensi ya Tangi la Pili

Kazini walimwita Mama Mistari. Mlinzi wa getini alikuwa na kitabu chenye jina kamili la mama huyo, lakini hata mlinzi mwenyewe alikuwa amelisahau siku nyingi. Kwa miaka kumi na tisa mama huyu alifanya kazi moja katika kituo cha maji: kupima kina cha maji kwenye matangi mawili makubwa, asubuhi, mchana na jioni, na kuvichora vipimo hivyo kwenye karatasi ya miraba. Alianza kwa penseli, kisha akapitisha wino juu yake. Tangi la kwanza lilikuwa la wino mwekundu, tangi la pili la wino wa bluu, na kituo kizima, kuanzia meneja hadi mfagiaji, kililijua hilo. Kila mwisho wa mwezi karatasi mbili, moja nyekundu na moja ya bluu, zilitiwa kwenye bahasha zikapelekwa makao makuu.

Chumba chake kilikuwa chini kabisa, kati ya matangi, kina meza moja, viti viwili na kabati la madaftari ambalo mlango wake ulifungwa kwa kubana kipande cha gazeti kilichokunjwa. Kuta zilikuwa na unyevu. Wenzake wa ofisi za juu walimwonea huruma, na yeye aliwaacha waendelee kumwonea, maana wangejua anavyokipenda chumba kile huenda wangekitaka. Dirishani aliyaona matangi yote mawili bila kunyanyuka. Mstari ulipoporomoka ghafla, yeye alijua sababu kabla fundi hajamaliza kuvaa buti. Aliujua mstari wa mvua na mstari wa likizo za shule, watoto wakiwa nyumbani na mabomba yakiwa wazi kutwa. Aliipenda kazi yake na hakuona haya kusema hivyo, ingawa siku hizi ukisema unaipenda kazi watu hukutazama kana kwamba una homa.

Alikuwa amebakiza miaka minne astaafu, hana hili wala lile, ndipo tangazo likaja.

Makao makuu yalikuwa yameanza kufanya kazi na wahandisi kutoka nje, na wahandisi hao walitaka kila grafu ije na sentensi moja ya utangulizi kwa Kiingereza, ya kueleza grafu inaonyesha nini. Baada ya wiki sita mkaguzi angekuja kuwapima makarani. Atakayefaulu angebaki na meza yake. Atakayeshindwa angehamia stoo, na grafu zingechorwa na kompyuta huko huko makao makuu.

Stoo ilikuwa chumba kisicho na dirisha nyuma ya jengo. Ndani yake mlikuwa na mabomba, mifuniko ya mita, na karani mmoja aliyekuwa akisubiri kustaafu tangu siku aliyoajiriwa.

"Ni sentensi moja tu," meneja alimwambia. "Mtu wa miaka kumi na tisa kazini utashindwa na sentensi moja?"

"Ya lugha gani, bosi?"

"Kiingereza."

"Basi hapo ndipo penye kazi."

Kiingereza alikisoma shule, akakiweka, kikapata vumbi. Aliweza kusoma maandishi ya kwenye mapipa ya dawa ya maji akajua asiyaguse bila glavu. Kuandika kulikuwa jambo jingine. Na mtu pekee ambaye angeweza kumfundisha alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, aliyekaa mitaa miwili kutoka kwao. Miaka ishirini na mitano ya uwifi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumsifu mwenzake machoni. Mama Mistari aliuzunguka ule mtaa mara mbili. Mwishowe akajiambia mficha uchi hazai, akapiga hodi.

Wifi alimtazama usoni, akatazama mfuko aliobeba.

"Ukija mikono mitupu, umekuja kumshtaki kaka yangu," alisema. "Leo umekuja na sukari kilo mbili. Kuna jambo."

"Nataka unifundishe sentensi moja."

"Moja? Nilijua kaka alioa mtu wa kubana matumizi, lakini sikujua umefika hapo."

Hata hivyo alimvutia kiti. Akamwambia achukue grafu yake yoyote aandike utangulizi, waone pa kuanzia. Mama Mistari alikuwa na nakala ya mwezi wa pili kwenye mkoba. Akainama, akaandika, akafuta, akaandika tena, kamusi ikiwa mapajani. Baada ya nusu saa alimkabidhi wifi karatasi iliyojaa. Kwa Kiswahili maneno yake yalikuwa hivi: maji yalipungua kwa sababu fundi wa pampu alikwenda kumzika baba yake, na msaidizi wake ni mvivu na meneja analijua hilo, lakini mwishoni mwa mwezi Mungu alisaidia.

Wifi alicheka mpaka akavua miwani.

"Wifi yangu, haya ni mashtaka. Mimi nimekuomba utangulizi."

"Si ndiyo yaliyotokea?"

"Yametokea, lakini hayapo kwenye grafu. Sikiliza. Utangulizi una maswali manne. Ni kitu gani kimepimwa? Cha wapi? Kuanzia lini hadi lini? Kwa kipimo gani? Unaanza na 'The graph shows', unajibu manne yako, unaweka nukta, unanyamaza. Habari za mvivu kaa nazo."

Mama Mistari aliisoma ile sentensi ya mfano aliyoandikiwa. Kina cha maji, tangi fulani, mwezi fulani, kwa mita. Aliona kama amepewa sahani tupu.

"Lakini hii haisemi kitu, wifi. Mtu si anaiona grafu mwenyewe?"

"Anaona mstari. Hajui ni mstari wa nini."

"Nani huyo asiyejua?"

"Mtu yeyote asiyekaa kwenye kile kichumba chako."

Mama Mistari aliitikia kwa adabu, kama mtu amwitikiavyo daktari huku akijua dawa hatainywa. Ila mtihani ni mtihani, na stoo haina dirisha. Akaanza kujifunza.

Kila jioni akitoka kazini alipitia kwa wifi kwa saa moja. Aliandika utangulizi wa grafu za viatu vilivyouzwa, za wanafunzi wanaokwenda shule kwa miguu na kwa baiskeli, za mvua, za ng'ombe, chati za duara zilizokatwa vipande kama keki. Alikuwa na ugonjwa mmoja usiopona: hakuweza kuacha kuandika alichokijua. Akipewa grafu ya mvua, angeongeza kwamba mwaka ule paa lao lilivuja. Akipewa ya viatu, angeeleza kwa nini viatu vya kike huisha soli upesi, maana mumewe alikuwa fundi viatu. Wifi aligonga meza kwa rula. "Andika kilicho kwenye karatasi. Kilicho kwenye karatasi, basi." Alimwandikia maneno hayo ndani ya jalada la daftari lake, kwa herufi kubwa.

Nyumbani fundi viatu naye hakukosa la kusema. "Siku hizi nikiuliza chakula," aliwaambia wateja wake, "naambiwa ni chakula, cha jikoni, kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja, kwa sufuria. Kama kimeiva sijui, hiyo haimo kwenye utangulizi."

Wiki ya nne mambo yalikwama. Jioni moja aliifuta sentensi moja mara kumi na moja, karatasi ikatoboka, na Mama Mistari akalia. Alilia kwa hasira na aibu, mwanamke mzima, mbele ya mtu ambaye angeweza kumtania kwa machozi hayo mpaka uzeeni. Wifi alikwenda jikoni akarudi na vikombe viwili vya chai. Akaketi.

"Nikuambie kitu, na usirudie kwa kaka," alisema. "Mimi nimefundisha miaka ishirini na mbili, na sijawahi kuizungumzia kazi yangu kama wewe unavyoyazungumzia yale matangi. Nakuonea wivu. Kunywa chai, tuanze tena."

Walianza tena. Kufikia wiki ya sita sentensi zilikuwa zinatoka fupi na safi, bila fundi wala msiba.

Mkaguzi alifika siku ya Alhamisi, mwanamke mwembamba, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba. Makarani watatu waliketi kwenye chumba cha mikutano: karani wa dawa, karani wa mita, na Mama Mistari. Kila mmoja alipewa grafu tatu zilezile na muda wa saa moja. Ya kwanza ilikuwa ya nguzo, idadi ya wateja wa maji. Kitu gani, cha wapi, lini, kipimo gani. Akaandika, akaweka nukta, akanyamaza. Ya pili ilikuwa chati ya duara. Hiyo nayo akaimaliza. Mkono ulikuwa mwepesi mpaka yeye mwenyewe akashangaa.

Ya tatu ilikuwa grafu ya mstari, nakala ya fotokopi, nyeusi tupu. Chini yake makao makuu yalikuwa yamepiga chapa maelezo: kina cha maji, tangi la kwanza, mwezi wa tano, kwa mita. Majibu yote manne yalikuwa yamewekwa mezani, kazi ya kuchuma tu. Akaandika "The graph shows", kisha macho yakapanda juu kwenye mstari wenyewe.

Aliujua mstari ule. Ulikuwa wake. Ulishuka kidogo kidogo kila siku hata pampu ikiwa inafanya kazi, jambo ambalo wakati ule alilidhani matumizi ya mji tu, na katikati yake palikuwa na pengo jeupe la siku nne. Siku hizo ngazi ya tangi la pili ilikatika kidato, akaanguka, akachubuka goti, na mpaka fundi alipochomelea kidato kingine hakuweza kupanda kupima. Fundi alimshauri akisie, aunganishe mstari. Alikataa. Sijapima, sichori, alimwambia, akapaacha peupe. Pengo lile halikuwa la tangi la kwanza. Tangi la kwanza ngazi yake ilikuwa nzima.

Basi chapa ilikuwa imekosea. Akatazama tena, na sababu ikamjia yote kwa mara moja. Mashine ya fotokopi haina bluu. Ilikuwa imelinakili tangi la pili likatoka jeusi, na tangi la kwanza likatoka jeusi vilevile, na mtu fulani makao makuu, mbele ya karatasi mbili nyeusi zisizo na jina la tangi, akabahatisha. Hazikuwa na jina kwa sababu mwenye kuzichora hakuwahi kuandika jina. Miaka kumi na tisa.

Kisha akakumbuka tangazo lililobandikwa ukutani wiki iliyopita: Jumatatu tangi la kwanza litakaushwa kwa matengenezo. Kituoni kila mtu alidhani ni usafi wa kawaida, na yeye pia. Sasa alielewa. Wahandisi walikuwa wameuona mstari unaoshuka, wakajua kuna tangi linalovuja chini kwa chini, na walikuwa wanakuja kulikausha lile lisilovuja. Mji mzima, pamoja na hospitali, ungebaki ukitegemea tangi lenye ufa.

Karani wa dawa alikuwa ameshamaliza, ameweka kalamu, anatazama kucha zake.

Mama Mistari aliirudia sentensi yake iliyoishia njiani. Akiandika tangi la kwanza, kama karatasi ilivyosema na kama wifi alivyomkaririsha kwa wiki sita, atafaulu, meza itakuwa yake. Akiandika tangi la pili, atakuwa amekwenda kinyume na karatasi, na wakiuliza kosa lilitoka wapi, jibu litaishia kwenye chupa yake ya wino. Aliliwazia lile dirisha la chumba chake. Kwa dakika nzima hakuwaza kitu kingine, na hilo hakumficha mtu baadaye. Kisha akaandika, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba grafu inaonyesha kina cha maji cha kila siku katika tangi la pili, mwezi wa tano, kwa mita. Akaweka nukta, akainua mkono.

Mkaguzi alikuja, akaisoma.

"Sentensi ni nzuri, mama. Ila hapa chini imeandikwa tangi la kwanza."

"Naona. Karatasi imekosea. Huu mstari niliuchora mimi."

"Una uhakika?"

"Twende chumbani kwangu."

Walikwenda wawili. Mama Mistari alilichomoa lile gazeti, akafungua kabati, akatoa daftari la vipimo la mwaka huu. Humo namba zilikuwa na majina, safu ya tangi la kwanza na safu ya tangi la pili. Mkaguzi alivaa miwani, akaiweka fotokopi kando ya daftari, akapitisha kidole siku baada ya siku. Namba za safu ya tangi la pili zililingana na mstari. Alipofika kwenye pengo alikuta siku nne tupu na maneno mawili: ngazi mbovu. Mama Mistari akamweleza alivyoanguka na alivyokataa kukisia.

"Sisi tulidhani mashine iliruka," mkaguzi alisema polepole. "Mbona kwenye grafu hukuandika ni la pili?"

"Niliandika kwa bluu. Bluu ni la pili. Kila mtu anajua."

"Kila mtu yupi?"

Mama Mistari alitaka kujibu, akakumbuka wifi alivyomwambia siku ya kwanza: mtu yeyote asiyekaa kwenye kile kichumba chako. "Kila mtu wa hapa," alisema. "Kosa ni langu. Zote nilizowahi kuwaletea hazina jina, hata moja."

Mkaguzi alitoka mbio usizozitarajia kwa mwanamke wa umri wake, na Mama Mistari akasikia viatu vyake vikipanda ngazi kwa meneja, kisha sauti ya meneja kwenye simu, kubwa, ikirudia neno Jumatatu, ikirudia neno la pili, la pili, siyo la kwanza. Alibaki amesimama na daftari mkononi.

Walipoingia wote wawili, meneja alikuwa anajifuta jasho kwa leso.

"Wamesitisha," alisema. "Watakuja Jumatatu hiyohiyo, lakini watakausha la pili. Mama Mistari, unajua wiki ijayo ingekuwaje? Ningepigiwa simu na mji mzima. Na hospitali ndiyo ingekuwa ya kwanza." Akakaa kwenye kiti cha mgeni bila kukaribishwa, akashusha pumzi ndefu, na ile pumzi ikamwambukiza Mama Mistari naye, akaketi, akahisi mabega yanarudi mahali pake baada ya wiki sita.

"Na mtihani?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Wenzako wameandika kilichokuwa kwenye karatasi, na siwezi kuwalaumu, nao wanabaki na meza zao," mkaguzi alisema. "Lakini sentensi ya kweli mle ndani ilikuwa moja. Meza ni yako. Kompyuta haikuanguka kwenye ngazi."

Mama Mistari alisema ahsante mara tatu.

"Usifurahi sana," mkaguzi aliendelea, akivua miwani. "Kuna grafu zako za miaka kumi na tisa kwenye makabati yetu, zote fotokopi nyeusi, zile za wino zilishatupwa, na sasa hatujui hata moja ni ya tangi lipi. Wahandisi wanazihitaji. Nitakuletea zote. Utazilinganisha na madaftari haya, moja moja, na kila moja utaiandikia utangulizi wake. Usizidishe mbili kwa wiki. Nataka uhakika, sitaki haraka."

"Hiyo ni adhabu," alisema meneja, aliyejiona anapaswa kusema kitu.

"Iite unavyotaka," mkaguzi alisema, akaagana nao kwa mkono.

Jioni hiyo Mama Mistari alipitia kwa wifi akamsimulia yote, hata ile dakika ya kuwaza dirisha. Wifi alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika uwifi wao. "Nilikukataza kuandika unachokijua," alisema mwishowe. "Leo nashukuru kuwa wewe ni mwanafunzi mkaidi." Kisha, kwa kuwa huko ndiko kumsifu machoni na wote wawili walilijua hilo, aliinuka haraka akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Maboksi saba yalifika baada ya wiki mbili, yamefungwa kamba. Mama Mistari aliyapanga ukutani, mbali na unyevu, akachukua penseli afanye hesabu ya kazi iliyo mbele yake. Miaka kumi na tisa, kila mwaka miezi kumi na miwili, kila mwezi karatasi mbili. Mia nne hamsini na sita. Mbili kwa wiki, wiki mia mbili ishirini na nane. Akagawanya kwa wiki za mwaka. Jibu lilikuwa miaka minne na miezi minne na ushee, na yeye kabla ya kustaafu alikuwa amebakiza miaka minne tu.

Aliirudia hesabu kutoka mwanzo, akidhani amekosea mahali. Hakukosea. Akamkumbuka yule mwanamke akivua miwani, akisema usizidishe mbili kwa wiki. Mkaguzi alikuwa amepiga hesabu mapema: hadi siku ya kustaafu hakuna ambaye angemtoa karani huyu kwenye dirisha lake. Mama Mistari alifunga mlango, akaketi mezani kwake, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.